Tulinunua khanga na vikoi Kariakoo kuwapa walimu na wafanyakazi wa shule, maoni yangu haya hapa

Habari zenu wazazi wenzangu. Shule zinakaribia kufungwa na najua magrupu ya wasap ya wazazi yameshaanza kuwaka moto, mwaka huu tunampa nini mwalimu, nani anachangisha, nani hajatoa. Mimi mwaka jana ndo nilikuwa nimeshika hela ya darasa letu kwahiyo naandika nilichokiona kwa macho yangu na kukishika kwa mikono yangu, labda kitamsaidia mtu.

Nianze na mwaka juzi maana ndo ulitufundisha. Tulichapisha vikombe vyenye picha ya darasa na maneno ya shukrani, duka silitaji, elfu kumi na mbili kila kimoja. Kwanza jina la mwalimu wa darasa lilikosewa herufi, tumeenda kuchukua siku ya kufunga yenyewe asubuhi hakuna muda wa kurudia, tukampa hivyo hivyo. Pili Februari matroni akaniambia kwa upole tu, mama, kile kikombe picha imetoka yote, nimekiosha mara chache tu. Lakini kilichoniuma zaidi sio hicho. Vilikuwa vikombe sita, vya walimu na matroni, basi. Nilipokuwa natoka getini mlinzi akanifungulia kama siku zote na kunishikia mfuko wangu, na mama anayepika uji alikuwa amekaa pale kwenye benchi anasubiri watu watoke afunge jiko, wote wawili wameona tunapita na vimifuko vya zawadi na hakuna hata mmoja aliyewakumbuka. Sikulala vizuri siku ile kwakweli.

Kwahiyo mwaka jana nikawaambia wenzangu kwenye grupu tunatafuta kitu kimoja ambacho kila mtu atapata sawa, kuanzia mwalimu mkuu mpaka dada wa usafi, na kiwe kitu cha kutumika nyumbani. Tulihesabu watu 16, wanawake 11 na wanaume 5, ukiweka na dereva wa basi la shule na anti anayewashusha watoto. Wazazi 26 wakatoa elfu kumi kumi, jumla 260,000. Kuna waliosema kapu la vyakula lenye nailoni na utepe, nikaenda kuuliza, kapu tupu na mapambo yake tu linakula hela ambayo ungenunulia sukari kilo tatu nne, ndani unakuta biskuti na juisi. Wengine wakasema hotipoti. Hotipoti ni nzuri sikatai ila jamani fikirieni mwalimu anayepanda daladala mbili mpaka Mbagala saa kumi na moja jioni na lile boksi mkononi. Khanga unaikunja inaingia kwenye pochi na safari inaendelea.

Basi nikaenda Mtaa wa Uhuru kwenye yale maduka ya khanga na vitenge. Nendeni siku ya kazi asubuhi, saa mbili na nusu hivi, Jumamosi ya Desemba hapapitiki na muuzaji hana muda na wewe. Rejareja doti moja, yaani khanga mbili zilizoungana, nilitajiwa elfu kumi na mbili, nikasema nataka nyingi, kijana akaniambia bei ya jumla ni kuanzia korija, yaani doti 20, nikamwelewesha ni za walimu na watu wa shule, akaenda kuongea na mzee aliyekaa nyuma ya kaunta, wakanipa kwa 9,500 ingawa nachukua 11 tu. Huduma yao naisifu bila kusita. Walinitolea designi zaidi ya thelathini wakazifungua zote mezani na hakuna aliyenuna.

Sasa kwenye ubora hapa nisikilizeni vizuri maana khanga sio zote khanga. Zipo zinazong'aa sana dukani kumbe ni poliesta, ukidondoshea tone la maji linateleza, ya pamba tupu maji yanazama hapo hapo. Khanga ya kujifutia jasho na kubebea mtoto isiyonyonya maji ya nini? Halafu rangi, mimi nilienda na tishu nyeupe na chupa ya maji, nalowesha kona ya pindo nafikicha, nyekundu moja ilitoka mpaka vidole vikabadilika nikairudisha. Angalia pia urefu, za bei rahisi nyingine ni fupi, mtu mwenye mwili akijifunga haifiki, mimi najipima nayo pale pale juu ya gauni. Na usiogope ugumu, khanga mpya ina wanga, ukifua mara mbili inalainika.

Halafu jina, yale maandishi ya kwenye khanga! Hapa ndo nilitumia karibu saa nzima na sijutii. Kuna moja ilikuwa nzuri mno, nyeusi na nyekundu, maua ya mjini, pale katikati ya khanga, yametulia, pindo limenyooka, nikasema ndo hii, kuisoma imeandikwa ASANTE YA PUNDA MATEKE. Unampaje mwalimu wa mwanao hiyo? Nyingine ilikuwa HASIDI HANA SABABU, hiyo ukimpa mtu nyumbani kwake atakaa anajiuliza unamsema nani. Ile ya NANI KAMA MAMA kila mtu anaipenda na kijana aliniambia inatoka sana, ila nikafikiria, kati ya watu 11 huwezi kujua nani anatafuta mtoto miaka yote na hajapata, au nani mama yake kamzika juzi. Tukachagua WEMA HAUOZI, ya kijani na njano. Na tulichukua jina moja kwa wote makusudi, tubadilishe rangi tu, sita za hiyo kijani na njano na tano za bluu, maana ukitoa majina tofauti lazima watu wafunue walinganishe, mbona mwenzangu kaandikiwa hivi mimi hivi, na ukweli ni kwamba kwenye khanga hakuna neno la bahati mbaya, ukimpa mtu umesema.

Wanaume tuliwachukulia vikoi, elfu kumi na tatu kimoja. Hapo chaguo lilikuwa dogo kidogo, rangi nyingi ni za kung'aa, nikapata vitatu vya bluu na viwili vya kahawia. Kimoja nyuzi za matamvua zilikuwa zimeanza kufumuka, wakanibadilishia bila maneno.

Lawama ninayo moja na ni ya fundi, sio duka. Khanga zinakuja zimeungana, lazima zikatwe na kupindwa, na mimi nilitaka wapewe zikiwa tayari kuvaliwa. Fundi wa barazani alichukua buku kwa kila doti, akaniambia kesho asubuhi, nikazipata kesho kutwa jioni na mbili kazikata upande ukala jina, herufi za mwisho hazionekani. Nikanunua doti mbili nyingine kwa hela yangu. Kwahiyo ukienda kwa fundi kaa naye, muoneshe kwa kidole mstari wa kukatia ulipo.

Hela iliyobaki tuliongezea kilo moja ya sukari kwa kila mtu na mifuko ya karatasi, na watoto wenyewe wakaandika kadi kwa mkono, herufi zimepinda pinda hivyo hivyo. Tuligawa siku ya kufunga baada ya ripoti kutoka, kabla ya hapo nilikataa kabisa, sitaki mwalimu ahisi tunamnunulia maksi za watoto wetu.

Mwalimu wa darasa aliifungua pale pale akajitanda. Mama wa uji aliishika mfuko akauliza mara mbili, ni yangu mimi? Nikamwambia ni yako mama, na shikamoo. Akakaa kwenye benchi lile lile akawa anasoma maandishi kwa sauti ya chini, anafuata na kidole, wema hauozi. Na mlinzi Januari shule zilipofunguliwa nilimkuta alfajiri kajifunga kikoi juu ya suruali ya kazi, baridi ya mvua ile, akanifungulia geti.

Bei za mwaka huu sijaenda kuuliza bado. Naenda wiki ya kwanza ya Novemba kabla designi hazijachaguliwa zikabaki za mipasho tu, anayetaka tuunganishe madarasa mawili tufikishe korija nzima aniambie mapema.