Kickstarter na Indiegogo kama duka la vifaa: usome nini kabla ya kubonyeza

Ukurasa wa kampeni kwenye Kickstarter, tovuti ambako watu huchangia pesa mapema ili bidhaa itengenezwe, umepambwa kama duka: bidhaa inayong'aa, bei iliyopunguzwa, kitufe cha kulipia, na mwezi wa kupokea mzigo. Mwezi huo ndio unaowaponza wengi. Ni makisio tu, tena mara nyingi ya mtu ambaye hajawahi kuagiza kiwandani hata vipande mia.

Kickstarter wenyewe, walioanza 2009, walitangaza Septemba 2012 kwamba wao si duka, wakapiga marufuku picha za kompyuta zinazojifanya picha halisi kwenye kampeni za vifaa. Indiegogo, tovuti ya aina hiyo hiyo iliyotangulia mwaka mmoja, ilikuwa legevu zaidi: kwa miaka mingi ilimruhusu mwenye mradi kuchagua mpango wa kubaki na pesa hata lengo lisipofikiwa. Kwa mnunuzi wa vifaa hiyo ilikuwa kasoro kubwa. Mtu aliyehitaji dola 100,000 akaondoka na 18,000 hana uwezo wa kutengeneza chochote, ila pesa anazo.

Mtafiti Ethan Mollick wa Wharton, chuo cha biashara cha Marekani, aliwahi kupima mambo haya kwenye Kickstarter. Katika utafiti wa 2014, zaidi ya asilimia 75 ya bidhaa zilichelewa. Katika mwingine wa 2015, asilimia 9 ya miradi haikutoa kilichoahidiwa. Kwa maneno mengine, kuibiwa moja kwa moja si jambo la kila siku. Kusubiri ndiko kwa kila siku.

Kilichoko kwenye video ya kampeni ni sampuli moja au tatu, ganda limechapwa kwa printa ya 3D na bodi ya saketi imeunganishwa kwa mkono. Kutoka hapo hadi vipande 5,000 kuna kazi isiyopendeza kupigwa picha. Ganda la plastiki linahitaji kalibu ya chuma. Kuichonga huchukua wiki sita hadi kumi, na vipande vya kwanza vinavyotoka humo karibu kila mara vina kasoro: plastiki imebonyea mahali ilipopoa vibaya, ukingo umepinda, kitufe kinakwama. Chuma ni rahisi kukipunguza na vigumu kukiongeza, kwa hiyo fundi akichonga kupita kiasi, sehemu hiyo ya kalibu huenda ikaanza upya. Kila duru ya marekebisho hula wiki mbili au tatu, na duru moja haitoshi.

Kisha vyeti. Chenye Bluetooth au Wi-Fi hupimwa mawimbi kabla ya kuuzwa: idhini ya FCC, mamlaka ya mawasiliano, kwa Marekani, alama ya CE kwa Ulaya. Betri ya lithiamu isipopita vipimo vya usalama vya Umoja wa Mataifa (UN 38.3) haipandi ndege. Antena iliyofanya kazi vizuri ndani ya sampuli inaweza kudhoofika ikisogezwa karibu na betri au skrubu, na bodi ikibadilishwa, vipimo huanza tena. Ongeza mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, viwanda vya China vinapofunga wiki mbili au zaidi na baadhi ya wafanyakazi wasirudi. Kampeni inayomalizika Oktoba na kuahidi mzigo Machi imekwama kabla haijaanza.

Hata kampeni njema huchelewa hivyo. Saa janja ya Pebble iliomba dola 100,000 mwaka 2012, ikapata zaidi ya milioni 10 kutoka kwa watu karibu 69,000. Ahadi ilikuwa Septemba; saa za kwanza zilitumwa Januari 2013. Hao walikuwa hodari, na ilikuwa miezi minne. Mafanikio yenyewe huchelewesha, maana njia ya kuunda vipande elfu moja haifai kwa makumi ya maelfu.

Sasa hesabu, kwani humo ndimo kampeni nyingi hufia. Chukua kifaa cha dola 99, wachangiaji 1,000. Zimeingia 99,000. Kickstarter hukata asilimia 5, yaani 4,950. Malipo ya kadi hukatwa asilimia 3 na senti 20 kwa kila mchango: 3,170. Zimebaki 90,880. Tuseme kalibu nne kwa 5,000 kila moja na vyeti 15,000. Zimebaki 55,880, sawa na dola 55.88 kwa kifaa. Toa 12 za usafirishaji. Kwa vipuri, kuunganisha, kupima na kufungasha umebakiwa na 43.88. Gharama hizo zikifika 45, kila kifaa kinachotumwa ni hasara, na hapo hakuna aliyelipwa mshahara wala kifaa kibovu kilichobadilishwa. Kwa hiyo bei ya chini ajabu si neema. Kifaa chenye skrini, mota, betri kubwa na programu ya simu kikiuzwa nusu ya bei ya washindani, jiulize tofauti italipwa na nani.

Coolest Cooler ilijibu swali hilo hadharani. Mwaka 2014 sanduku hilo la barafu la kubeba, lenye blenda na spika, lilikusanya zaidi ya dola milioni 13 na kuahidi mzigo Februari 2015. Pesa hazikutosha. Kampuni ikaanza kuliuza Amazon ili ipate za kuendelea huku wachangiaji wakisubiri, na ilipofunga Desemba 2019 watu kama 20,000 walikuwa hawajapata kitu. Zano, droni ndogo ya kampuni ya Wales, ni ugonjwa mwingine: pauni milioni 2.3, video ya droni inayokwepa vizuizi yenyewe, na chache zilizofika hazikuweza kufanya yaliyoonyeshwa. Novemba 2015 kampuni ilikufa.

Kupima taarifa za ucheleweshaji ni ujuzi unaofundishika. Taarifa ya mtu anayefanya kazi hutaja sehemu, tatizo na hatua: kalibu ya kifuniko cha chini imerudishwa kwa sababu ukingo unapishana milimita 0.4, sampuli mpya tarehe fulani. Taarifa ya kutilia shaka husema "tunaboresha ubora" kwa mwezi wa tatu mfululizo. Rangi mpya zikiongezwa katikati ya kampeni, hesabu ucheleweshaji, kwa kuwa kila rangi ni akiba yake, majaribio yake na makosa yake ya kufungasha. Na timu ikizindua kampeni ya pili kabla ya kutuma mzigo wa kwanza, huenda pesa za wapya ndizo zinazolipia deni la zamani.

Kuna vifaa vya kupita bila kugeuka. Wembe wa leza wa Skarp ulikusanya zaidi ya dola milioni 4 kabla Kickstarter hawajausimamisha Oktoba 2015 kwa kukosa sampuli inayofanya kazi; muda mfupi baadaye ulikuwa Indiegogo. (Hapo ndipo sifa ya Indiegogo iliponiishia.) Upande wa pili, zana ndogo zisizo na redio wala betri, kibodi, au kifaa cha tatu cha kampuni iliyokwisha kutuma viwili, ni dau la haki. Kichelewe miezi mitatu, lakini kitafika.

Kuhusu pesa: Kickstarter hukata kadi kampeni inapomalizika kwa mafanikio, na kabla ya hapo unaweza kujitoa bila gharama, kwa hiyo uliza maswali magumu ndani ya siku hizo. Indiegogo kwa miaka mingi ilikata papo hapo. Pingamizi la malipo kupitia benki lina muda wake, mara nyingi siku 120, na anayekutuliza kwa "mwezi ujao" anaweza kukuvusha dirisha hilo bila wewe kugundua. Serikali huingia mara chache: FTC, shirika la Marekani la kulinda wanunuzi, lilishtaki mradi wa mkoba wa iBackPack mwaka 2019, baada ya zaidi ya dola 800,000 kuchangwa.

Swali la mwisho ambalo watu husahau ni seva, yaani kompyuta ya mtandaoni ambayo kifaa huitegemea. Pebble ilitimiza ahadi, ikauza, kisha ikafungwa Desemba 2016. Fitbit, walionunua mali zake, walizima huduma za mtandaoni Juni 2018, na saa ziliendelea kupata huduma kama hizo kwa sababu tu wapenzi wake walijenga mbadala uitwao Rebble. Kabla ya kuchangia, muulize mwenye kampeni kifaa kitafanya nini siku seva ikizimwa. Asipojibu ndani ya wiki, jitoe kabla kadi haijakatwa.