Kibanda chini ya mkungu, Maweni: mpe baiskeli yako, kofia zake usinunue

Nianze na bei za fundi huyu wa baiskeli, maana najua ndizo mlizozijia. Kiraka shilingi 50. Kufungua gurudumu, kuosha gololi na kutia grisi mpya, 300 kila gurudumu. Kunyoosha rimu inayoyumba, 200. Kutoa nguzo ya kiti iliyogandana na fremu, 500, pamoja na siku mbili za kungoja na hotuba moja ndefu kuhusu chumvi.

Hotuba hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Mimi ni mtu wa maabara, mama wa watoto wawili, miaka 41. Tangu mwaka jana nimejitia kwenye huu mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo bila kupumzika. Niko masafa ya wanaoanza: mita 750 majini, kilomita 20 barabarani, kilomita 5 kwa miguu. Kuogelea nilifunzwa na kaka zangu utotoni, na kukimbia ni kukimbia tu. Baiskeli ndiyo iliyonitoa kijasho, tena kuitunza kuliko kuipanda.

Yangu ni Bianchi ya chuma, kuukuu, niliyoiuziwa na mama mmoja wa Kitaliano aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Mji wetu huu wa Malindi Waitaliano ni wengi, na wakihama huacha nyuma vitu ambavyo hutaviona dukani. Bianchi walianza kuunda baiskeli huko Milano mwaka 1885, na ile rangi yao iliyo kati ya buluu na kijani ndiyo iliyonipofusha. Ilikuwa imeegemezwa barazani, uso kwa uso na bahari, kwa miaka. Mimi niliona rangi. Fundi alipoipindua magurudumu juu akaona mengine.

"Mwanangu, hii umeuziwa baiskeli au nanga?"

Kibanda chake hakina jina wala bango. Ni mabati manne chini ya mkungu, meza yenye jiliwa kubwa la chuma, na mstari wa baiskeli za keria za watu wa mikate na wauza maji zinazongoja zamu. Yeye ni mzee wa makamo aliyeanza kazi kwa mjomba wake, enzi ambazo baiskeli ilikuwa ile nyeusi nzito tu. Namwita ami. Ukifika, amkia kwanza, uulize hali, ndipo useme shida yako. Niliwahi kumleta kijana mmoja aliyeanza moja kwa moja na "hii itachukua dakika ngapi?" Ilichukua siku tatu.

Sasa ile nguzo ya kiti. Fremu ni ya chuma, nguzo ni ya alumini, na kati yao hapakuwa na grisi hata tone. Metali mbili tofauti zikikutana na maji ya chumvi, ile ya alumini huanza kuliwa na kuota unga mweupe, na unga huo hujaa ndani ya bomba hadi vitu viwili vikawa kimoja. Nilikuwa nimeshapeleka kwa duka moja mjini Mombasa, wakapiga nyundo, wakakwaruza, wakanirudishia na ushauri kwamba nikate fremu. Ami hakushika nyundo. Aliipindua baiskeli, akamimina mafuta ya kupenyeza kupitia chini, pale kranki inapokaa, ili yashuke hadi kwenye nguzo kwa ndani. Akaiacha usiku, akaongeza asubuhi, akaiacha tena. Siku ya pili akabana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa, tukashika fremu, mimi mbele na yeye nyuma, tukaizungusha fremu yenyewe kama usukani wa lori. Robo, nusu, halafu mlio mmoja wa kukwaruza meno. Ikatoka. Watu wa mikate walipiga makofi.

Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna muuza baiskeli aliyewahi kuniuliza. "We watoka majini, halafu wapanda hivyo hivyo, unachuruzika?"

Ndiyo, ami. Ndivyo mchezo ulivyo.

Akatikisa kichwa. Kwa nusu saa nzima, huku akitengeneza baiskeli za watu wengine, alinieleza kwamba ninachofanya kila Jumamosi pale ufuoni Silversand ni kuichovya baiskeli baharini kwa mafungu. Maji yanadondoka kutoka nywele na nguo hadi kwenye boliti za usukani, kwenye beringi za shingo ya fremu, kwenye vichwa vya spoku. Jasho nalo ni chumvi ile ile. Mwendesha baiskeli wa kawaida wa hapa hupambana na upepo wa bahari tu. Mimi naimwagia chumvi kwa ndoo. Kwa hiyo, baada ya kila zoezi, maji baridi yasiyo na chumvi, bila kupiga kwa nguvu, halafu kitambaa, halafu kivuli. Nikasema sawa, nyumbani tuna kisima. Akaweka spana chini. "Kisima cha kwenu kina chumvi nusu ya bahari. Tumia ya mfereji." Sikuwahi kuwaza hilo. Nikirudi nyumbani nikaonja: kweli. Sasa nina dumu la maji ya mfereji, ya Baricho, kwa ajili ya baiskeli, na mume wangu ana maoni yake kuhusu dumu hilo.

Kazi yake ya magurudumu ndiyo nzuri kuliko zote. Alifungua la nyuma mbele yangu, akamwaga gololi kwenye kifuniko cha bati, akahesabu kwa sauti: tisa upande huu, tisa upande ule. La mbele kumi na kumi, ndogo zaidi. Mbili zilikuwa zimebabuka kutu. Hakubadilisha mbili, alibadilisha seti nzima ya upande ule, akasema gololi mpya kati ya za zamani hubeba mzigo peke yake. Kisha akakaza ekseli hadi gurudumu likazunguka bila kuyumba na bila kukwama, na hapo ndipo ustadi ulipo, maana ukikaza mno unasaga, ukilegeza gurudumu linacheza unapokata kona.

Mnyororo aliupima kwa rula ya shule. Weka sifuri katikati ya pini moja, uhesabu pini 24 kutoka hapo: mnyororo mpya utaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa nusu ya thumni ya inchi (1/16), badilisha. Wangu ulizidi thumni nzima, na meno ya gia za nyuma yalikuwa yamechongoka kama papa, kwa hiyo nikalipa vyote viwili. Nilinung'unika. Alinionyesha meno hayo kwa ukucha wake, sikunung'unika tena. Mafuta ya mnyororo aliyonipa ni mepesi, tone moja kila kiungo, halafu unafuta mpaka kitambaa kisishike weusi. Yale mazito ya injini ambayo nilikuwa nikipaka kwa brashi, kwa mchanga wa kwetu huu, yanageuka msasa.

Na pedali: ya kushoto hufunguka kinyume. Nilikuwa nimeshaikaza kwa miezi nikidhani naifungua.

Breki alizisafisha tu. Alichokonoa vipande vya alumini vilivyozama kwenye raba kwa sindano ya kushonea magunia, akasema hivyo ndivyo vinavyokwaruza rimu na kupiga kelele. Kelele imekwisha.

Sasa lawama, maana nazo zipo.

Moja, ana kamba yenye kofia za kuendeshea zilizotundikwa nje, za mitumba, shilingi 400 hadi 700. Usinunue. Nimemwambia usoni, kwa heshima, na hatukuelewana. Povu lililo ndani ya kofia hufanya kazi mara moja: likigongwa hubonyea lenyewe ili fuvu lisibonyee. Halirudi. Kofia ya mitumba huijui ilikotoka wala ilianguka na nani, na ufa unaweza kuwa chini ya plastiki usiouona. Zile zake zinakaa juani mchana kutwa juu ya hayo. Mimi niliagiza mpya, yenye kibandiko cha EN 1078 ndani, kile kiwango cha Ulaya cha kofia za baiskeli, na ilikuwa ghali kuliko kazi yote ya fundi. Ami anasema yeye ameendesha miaka mingi bila kofia na kichwa kipo. Sina jibu la kumpa mzee kwa hilo, ila kofia zake sitazivaa.

Kwa wanawake wenzangu mnaoniuliza kuhusu mtandio: mwembamba, wa kuvutika, umebana, na nywele msizifunge fundo kisogoni, maana fundo linaiinua kofia na kuliacha paji la uso wazi. Zisukeni chini shingoni. Mikanda ikutane chini ya masikio, na kidevuni vipite vidole viwili, si zaidi. Fanyeni mazoezi ya kuifunga kwa mikono iliyolowa, kwa sababu sheria za mashindano zinataka kofia iwe imefungwa kabla hujaondoa baiskeli kwenye kishikio chake, na isifunguliwe mpaka uirudishe. Buibui sipandi nalo. Navaa kanzu fupi juu ya suruali ya kubana, na mguu wa suruali upande wa mnyororo naupiga lastiki.

Pili, hana spana ya kupimia nguvu. Anakaza kwa mkono na kwa sikio. Kwa chuma changu haina neno, lakini wenye usukani au nguzo ya kaboni, ambazo boliti zake huandikwa kipimo cha kukazia, mara nyingi 5 Nm (nyutoni mita), beba spana yako ya kipimo umsimamie. Hatakasirika. Mimi nilibeba yangu, akaipenda, na hadi leo iko kwake.

Tatu, pampu yake haiingii valvu nyembamba, zile zenye skrubu ndogo kichwani. Nunua kile kidude cha shaba cha kugeuzia, ukae nacho mfukoni. Na ukipata panchari njia ya Gede asubuhi, huna budi kuziba mwenyewe. Mimi hutoka baada ya swala ya alfajiri, taa nyekundu nyuma na nyeupe mbele hata kukipambazuka, nikashika lami ya Gede na kurudi, zaidi kidogo ya kilomita 30. Matatu zikipishana pale, huwa hazihesabu baiskeli kuwa chombo. Ukingo wa lami umekatika kama ngazi sehemu nyingine, na ukishateremka, ukipanda tena kwa pembe ndogo gurudumu linashikwa. Siku za upepo mkali nabaki mtaani Casuarina, narudi narudi kama panya, lakini narudi nyumbani.

Jambo la mwisho ni vizibo. Ncha za usukani wangu zilikuwa wazi, mabomba matupu, na mashindanoni hawakuruhusu kuanza hivyo, kwa sababu ukianguka bomba wazi hukata nyama kama kikata keki. Nilimwuliza ami kama ana vizibo vya plastiki. Akaingia ndani, akatoka na gamba la mti lililochongwa, akalipunguza kwa kisu, akaligonga kwa kiganja hadi likajaa barabara. Kisha la pili. Nilipokaribia kuangalia, nikaona maandishi ya Kitaliano yaliyofifia na doa jekundu.

"Ami, haya si ya chupa za mvinyo?"

"Ya hotelini. Chupa wamekunywa wao." Akapangusa mikono. "Kizibo hakilewi, mwanangu. Leta hamsini."

Hufungua saa mbili asubuhi. Ijumaa hufunga saa tano na harudi. Jumatatu pana msongamano wa watu wa mikate, kwa hiyo nenda Jumanne, na ukimkuta anatumia spana ndogo nyeusi yenye namba, mwambie mwenyewe anaiulizia.