TAHADHARI: jamaa wa "dawa ya ukungu" anayezunguka Ggaba na Munyonyo

Wadau mliopanga upande wa ziwani hapa Uganda, Ggaba, Munyonyo mpaka Entebbe, kuna jamaa anapita mlango kwa mlango na begi mgongoni anauza dawa ya kuondoa ukungu ukutani, eti imetoka nje na akishapuliza unakaa mwaka mzima bila kuona doa. Elfu sitini kwa chumba. Msimpe hata mia.

Anavyowanasa watu ni hivi, anaomba umwoneshe kona iliyo mbaya kabisa, ile ya nyuma ya kitanda iliyokwisha kuwa nyeusi, anapuliza, mnapiga stori kidogo, weusi unafifia huku unaangalia. Hapo nani hatoi hela? Jirani yangu, mama mwenye mtoto wa pumu, alimtumia kwa mobile money palepale. Mvua za Aprili zilivyokolea ukungu ukarudi kona ileile, na simu ya jamaa ikawa haipatikani.

Mimi nilichukua yaliyobaki kwenye chupa nikadondoshea kitambaa cheusi cha zamani, pakageuka kahawia halafu pakapauka kabisa. Na harufu nayo haijifichi. Ni jiki imeongezwa maji basi, tena kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo wala alama ya UNBS (shirika la viwango la Uganda). Jiki kwenye tailizi inafanya kazi vizuri tu, ila plasta inanyonya, juu panakuwa peupe na ndani ukungu uko hai, tena umeongezewa maji.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki: mpangaji mwingine hapa kwetu aliambiwa na huyo jamaa aongeze siki "iwe kali". Jamani!! Jiki ikikutana na siki au ndimu inatoa gesi ya klorini, inachoma macho na mapafu, sasa fikiria kwenye nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, kidirisha kimoja, mtoto amelala. Na vitu vyenye amonia pia msichanganye nayo, hata siku moja.

Ukungu unafuata unyevu, kwa hiyo tafuta maji yanatoka wapi kwanza. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu, ziba pande zote, kiache siku moja au mbili. Ukikuta matone nyuma ya nailoni maji yanatoka kwenye ukuta wenyewe, bati linavuja au yanapanda kutoka chini, hiyo ni kazi ya landilodi na asikudanganye na rangi mpya, itabanduka tu. Matone yakiwa mbele ni hewa ya humo ndani, yaani mvuke wa kupika, nguo mnazoanika chumbani, madirisha yanayofungwa kutwa. Fungua, sogeza kitanda kiache ukuta upumue, sigiri, yaani jiko la mkaa, itoke nje (hiyo hata bila ukungu ni hatari). Doa lenyewe sugua kwa brashi na maji ya sabuni, vaa barakoa na glavu, halafu pakaushe kabisa.

Mliokwisha kumtumia hela msifute meseji za mobile money, zipelekeni polisi pamoja na chupa. Na akija kwenu, mpeni kitambaa cheusi adondoshee mwenyewe kabla hajagusa ukuta.