Sendo za maumivu ya kisigino asubuhi: ikunje kwanza kabla hujatoa hela

Mwezi wa nne nilinunua sendo za pinki, elfu 38, laini utafikiri unakanyaga mkate wa boflo. Muuzaji kaandika "medikali", kaweka na picha ya mguu una mistari myekundu, na mimi na kisigino changu kinachonitoa machozi kila asubuhi nikaingia kingi. Siku ya tisa naamka kwenda chooni nimeshika ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea, mume wangu kanyanyua kichwa kwenye mto ananiuliza, kwani si ulisema umenunua dawa?

Kwa ambao hamjaijua hii ishu (Mungu awaepushie): chini ya unyayo kuna mkanda mgumu, umeanzia mfupa wa kisigino unaenda mpaka kwenye vidole. Ukilala mguu unalegea, vidole vinaelekea chini, mkanda unajifupisha usiku kucha, halafu asubuhi unasimama na kilo zako zote, mimi 84 tusifichane, unavutika ghafla palepale ulipochoka. Ndo maana hatua za kwanza ni kama umekanyaga msumari, ukitembeatembea inapoa, ukikaa kwenye daladala saa nzima ukashuka imerudi. Hospitali waliniambia inaitwa planta fashaitisi, wengi wanapona bila sindano wala kisu, ila hesabu miezi sio wiki.

Sasa sisi tuna shida yetu ya ziada, viatu tunavua mlangoni. Siku nzima uko peku kwenye tailizi, unapika umesimama, unafua umesimama. Kwa hiyo tunachotafuta hapa ni sendo ya ndani, inakaa kando ya kitanda, haigusi nje kabisa ili mama mkwe asipate la kusema, na unaivaa kabla mguu haujagusa sakafu.

Rangi na saizi mnajua wenyewe. Mimi nina kitu kimoja tu na nitakirudia mpaka mchoke: INAPINDA WAPI? Shika kisigino cha sendo mkono wa kushoto, ncha ya vidole mkono wa kulia, sukuma vikutane. Nzuri inapinda kule mbele vidole vinapoanzia, kwa sababu hata mguu wako unapinda hapo hapo. Mbaya inakunjika katikati kama chapati. Halafu ikamue kama unakamua nguo, ikijinyonga kirahisi rudisha. Ikipinda katikati maana yake kila hatua ule mkanda unabeba kazi ambayo soli ilitakiwa ibebe, na ulaini hausaidii kitu, ulaini unakudanganya dukani dakika mbili. Zile pinki zangu zilikunjika mpaka ncha ikabusu kisigino. Nilizikunja siku ya kumi, hela imeshakwenda!

Namba moja ni Birkenstock, na sijalipwa na mtu, ningelipwa ningekuwa na pea tatu. Wajerumani, wanahesabu tangu 1774, ile ya mikanda miwili inayoitwa Arizona ipo tangu 1973. Ndani kuna lile gome la mti la kutengenezea vizibo vya chupa, kisigino kinazama kwenye kishimo chake, tao la unyayo linapata pa kuegemea, na katikati haikunjiki ng'o. Wiki ya kwanza zitakuuma, vaa saa moja moja uzizoee. Mpya kwa kweli bei zake zinataka mkopo, mimi nilipata soko la mitumba la Karume, Dar, kijana kaanza na elfu 90 tukamalizana 55. Ila mtumba una mtego wake, lile gome linashika umbo la mguu wa mwenye nalo wa kwanza. Chungulia ndani, ukiona vidole vya mtu vimechorwa vizuri na wala havikai vyako vinapokaa, acha. Iweke mezani uitazame kwa nyuma, ikilalia upande mmoja acha. Na feki nazo zimejaa, ubavuni zinabandikwa karatasi yenye picha ya gome, ukikwaruza kwa kucha linabanduka unakuta sponji.

Namba mbili, raba ya kukimbilia ya mtumba, iliyofuliwa, ukaifanya ya ndani. Najua utaonekana kituko unakaanga vitumbua na raba, lakini mwezi mzima kabla sijapata sendo ndizo ziliniokoa. Jaribio ni lilelile, na sehemu ya nyuma ya kisigino ukiiminya isibonyee.

Namba tatu Crocs orijino. Nyepesi, zinaingia maji, ila usiziache juani zinasinyaa, na feki katikati inakunjika, kwa hiyo kunja.

Vile vikombe vya silikoni vya kuweka ndani ya kiatu, kama kazini lazima uvae kiatu fulani, sawa, vinapunguza kishindo. Nyumbani vitakaa wapi, kwenye kanga?

Ndala na yeboyebo: hapana. Katambuga nimeulizwa sana, tairi halikunjiki kweli, ila ni bapa kama ubao wa kukatia vitunguu.

Na sendo peke yake haitoshi, kabla hujashuka kitandani vuta vidole kuelekea kwako, hesabu mpaka kumi, rudia mara kumi. Jioni gandisha chupa ya maji ya nusu lita, uibingirishe chini ya unyayo ukiangalia tamthilia. Hivyo ni bure na nusu ya nafuu yangu ilitoka hapo. Ila kama una sukari, au mguu una ganzi, umevimba, umekuwa mwekundu, au unauma hata ukiwa umelala, usinisikilize mimi, nenda hospitali.

Kinachoniudhi mpaka leo ni hili neno medikali. Nani kaipima? Wapi? Ukiuliza bei kwenye picha unaambiwa njoo inboksi dada'angu, ukienda inboksi bei inategemea umeandika kwa lugha gani, ukilipa ni "mali ikishauzwa hairudi". Nilimwandikia yule wa pinki kwa adabu kabisa, dada hizi zinakunjika katikati, akanijibu hapo ndo uzuri wake mpendwa, zinaingia kwenye pochi.

Jana nimepita kwenye peji yake. Sasa ni elfu 45, chini kaandika zimebaki pea mbili tu, wahi. Hata mwezi wa nne zilikuwa zimebaki pea mbili.