DeckLink Mini Monitor 4K kwa mhariri wa video

Mhariri anayesahihisha rangi kwa kutegemea dirisha la programu peke yake hana uhakika wa anachokiona, kwa kuwa mfumo endeshi huweza kuibadilisha picha kabla haijafika kwenye skrini. Kadi hii ya Blackmagic Design huondoa wasiwasi huo: huchomekwa kwenye nafasi ya PCIe, yaani tundu la kadi za ziada ndani ya kompyuta, nayo hupeleka picha kwenye monita ya nje kwa njia ya SDI (waya wa video wa vifaa vya kitaalamu) au HDMI bila mfumo endeshi kuigusa.

Kuisanidi ndiko kunakohitaji utulivu. Baada ya kusakinisha Desktop Video, programu inayoendesha kadi, kadi huchaguliwa kwenye mapendeleo ya DaVinci Resolve, programu ya kuhariri na kusahihisha rangi, kisha ukubwa wa picha na idadi ya fremu huwekwa kwenye mipangilio ya mradi. Jambo linalosahauliwa mno ni viwango vya data, yaani namba zinazowakilisha weusi hadi weupe: kadi ikituma viwango vya video, yaani 16 hadi 235 kwa biti 8, huku monita ikisubiri 0 hadi 255, weusi hugeuka kijivu, na mhariri huanza kurekebisha kosa ambalo wala halimo kwenye picha. Kwenye Premiere Pro, programu nyingine ya kuhariri, kazi ni fupi: washa Mercury Transmit, kipengele kinachopeleka picha kwenye monita ya nje, katika mapendeleo ya uchezaji, uchague kadi, basi.

Ukomo wa kadi hii ni 2160p, yaani 4K, kwa fremu 30 kwa sekunde, hivyo anayehariri 4K ya fremu 50 au 60 atafute kadi kubwa zaidi. Kwa wengine naiona yatosha kabisa, na sauti nayo hupita kwenye waya uleule wa picha.