TAHADHARI: Glavu za "bastola kubwa" zinazouzwa mtandaoni hapa Tanga, na picha ya leseni anayokuomba muuzaji

Wenye leseni za silaha wa Tanga mjini, Muheza, Pangani na Korogwe, kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram akiuza "glavu maalumu za bastola kubwa, ngozi ya paa, jeli ya kijeshi". Jina la ukurasa hubadilika na namba nazo hubadilika, lakini tangazo ni lile lile neno kwa neno: glavu nyeusi yenye magamba ya plastiki juu ya vifundo, bei 85,000 pamoja na usafiri mpaka stendi ya Kange. Msitume hela. Na kabla ya hela, msitume leseni.

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Ukiulizia anajibu upesi na kwa adabu zote, shikamoo mzee, mzigo upo. Anataka nusu kwanza, tena kwenye namba ya mtu binafsi badala ya lipa namba, na lile jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri halifanani na lake wala la duka lake. Ukishalipa linakuja la pili: mzigo "umeshikiliwa" kwa kuwa ni kifaa cha silaha, ongeza 35,000 ya kibali. Huo ni uongo mtupu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inasimamia silaha na risasi. Glavu ni vazi la mkono, haiombewi kibali popote. Ukibisha anapunguza mpaka 20,000, kana kwamba ada ya serikali ina punguzo.

Kisha la tatu. Anaomba picha ya leseni, kitambulisho cha NIDA na jina la mtaa, "ili bodaboda akuletee mlangoni". Hapa watu hawashtuki, maana kuonyesha leseni wamekuzoea wanaponunua risasi. Lakini risasi unanunua kwa muuzaji aliyeruhusiwa, uso kwa uso, na karatasi yako unaondoka nayo. Huyu wa mtandaoni anabaki na jina lako, aina ya silaha na namba yake, na nyumba inakolala. Orodha kama hiyo mikononi mwa majambazi ina bei kuliko glavu mia. Kwa hiyo hata mtu akikuuzia glavu nzuri kweli kweli, akiomba leseni mkatalie.

Sasa glavu zenyewe, maana wapo waliopokea mzigo na bado wanadhani wamepata kitu. Angalia sponji imekaa wapi. Mahali ilipo panasema glavu ilitengenezwa kwa kazi gani. Hizi anazouza zina sponji nene kwenye kisigino cha kiganja na gamba gumu juu ya vifundo: ni glavu za pikipiki, zimetengenezwa kwa mtu anayeanguka na kutanguliza mikono kwenye lami. Nyingine zina mstari wa sponji chini ya vidole vinne na mkanda mrefu wa kuzungushia mkononi. Hizo ni za gym, za kuzuia sugu.

Teke la bastola, yaani msukumo unaorudi mkononi ukifyatua, haliji huko. Linapiga kwanza kwenye panda ya kidole gumba, yaani ule uwazi kati ya gumba na kidole cha shahada, kisha kwenye mnofu ulio chini ya gumba. Kwenye rivolva kubwa, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, kuna pigo la tatu ambalo watu hulisahau: ule upinde wa chuma unaozunguka triga hugonga kifundo cha kidole cha kati kwa mbele, na ndicho kinachovimba. Glavu ya kazi hii inatakiwa iwe na kinga sehemu hizo tatu. Kama panda ya gumba ina kitambaa kitupu, au mbaya zaidi ina mshono unaopita hapo hapo, rudisha. Mshono ukibanwa kati ya chuma na mfupa unachubua kuliko mkono mtupu.

Anaposema "inaua teke lote" anadanganya pia. Glavu haiondoi nguvu; inaitandaza kwenye eneo kubwa zaidi na kuichelewesha kidogo tu. Risasi ya kawaida ya 9 mm ina gramu 7.5 hivi na hutoka kwa kasi ya karibu mita 350 kwa sekunde. Ya .44 Magnum ina gramu 15.5 na hutoka kwa karibu mita 400. Zidisha mwenyewe: msukumo unaorudi mkononi ni zaidi ya mara mbili, kabla hujahesabu baruti. Sponji laini ya shilingi elfu nane hapo inajikunja mpaka mwisho mara moja, na kwa kuwa imekuachia nafasi kati ya mkono na mshikio, bastola inakuwa imeshachukua mwendo inapokufikia. Ndiyo maana mtu anavaa glavu nene na bado anaumia, akidhani kosa ni la mkono wake.

Ipime kwa vidole. Bana ile kinga kati ya gumba na kidole cha shahada kwa nguvu zako zote. Kama unahisi ukucha upande wa pili, ni sponji tu. Kinga nzuri hukaza kadiri unavyobana, na ukiachia hurudi taratibu. Unene wa milimita 3 unatosha. Ikipita 5 mshikio unakuwa mnene mno, vidole havizunguki vizuri, bastola inajipindia kiganjani kila ukifyatua, na kidole cha triga kinafika kwa ncha tu. Unene mwingi si sifa, ingawa kwenye picha unavutia.

Tazama pia picha ya tangazo lake. Mkono wenye glavu umeshika rivolva, na gumba la mkono wa pili limelazwa mbele, sambamba na nafasi iliyo kati ya silinda na mtutu. Anayejua kazi hawezi kuweka picha hiyo. Kwenye nafasi hiyo hutoka gesi ya moto kwa kasi kubwa kila risasi inapopita, na kwenye rivolva za nguvu kama .460 na .500 za Smith & Wesson inaweza kukata nyama mpaka mfupa. Hakuna glavu ya ngozi inayozuia hilo, iwe ya elfu kumi au ya laki tano. Vidole vyote vikae nyuma ya silinda, basi.

Alama zilizochapwa nyuma zisikubabaishe. "EN 388" hupima kuchubuka, kukatwa, kuchanika na kutobolewa. Haihusiani na teke, na alama halali huambatana na tarakimu na herufi chini ya mchoro wake wa kinyundo. Hizi zake zina kinyundo kitupu. "Impact level 3" nayo ni kipimo cha Marekani cha kinga ya mgongo wa mkono, upande usioguswa na bastola kabisa.

"Ngozi ya paa" yake ni rexine, yaani ngozi bandia. Tazama ukingo ambao haukukunjwa: ngozi ina nyuzinyuzi upande wa ndani, rexine ina kitambaa kilichosukwa. Chomoa kipande kidogo kwenye pindo ukichome. Ngozi hunuka nywele zilizoungua na kuwa majivu, rexine huyeyuka na kunuka plastiki. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, rexine hutelezea jasho siku ile ile, na baada ya miezi huanza kubanduka kama rangi ya ukuta. Ngozi ya mbuzi iliyo laini inafaa sana, ni nyembamba na ngumu kuchanika, na mgongo wa glavu uwe wa kitambaa chenye matundu.

Kidole cha triga ndicho cha kuangalia kuliko vyote. Kiwe chembamba, au kikatwe wazi kuanzia kifundo cha kati. Ncha ya glavu ikibaki tupu zaidi ya milimita 3 mbele ya kidole, inaweza kujikunja ndani ya ule upinde wa triga na kuivuta wakati unatoa kidole. Bastola inalia hukuikusudia. Jaribu na bastola tupu, iliyokaguliwa mara mbili, mtutu ukielekea pasipo na mtu: ingiza kidole, toa, ingiza, toa. Kikikwama hata mara moja, glavu hiyo si ya kazi hii. Kisha weka sarafu ya shilingi 100 mezani uiokote ukiwa umevaa. Ukishindwa, hata risasi hutaweza kuzipanga vizuri. Wenye bastola za slaidi, yaani zenye chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukifyatua, waangalie mkanda wa velkro pia. Ukining'inia unaweza kudakwa slaidi inaporudi.

Saizi: zungusha futi ya fundi cherehani kwenye kiganja chini ya vifundo, bila gumba. Sentimita 20 ni M, 23 ni L, 25 ni XL. Za Kichina nyingi huwa ndogo kwa saizi moja, ila usinunue kubwa "ili ipumue". Glavu inayozunguka mkononi ni hatari.

Na tuseme ukweli, wengi hapa wana 9 mm au .38, na kwa hizo glavu ya kinga huihitaji. Mshikio wa mpira unaokaa vizuri mkononi unasaidia zaidi. Wachache wenye .357 au .44 watafute kwenye mitumba glavu za baiskeli zisizo na vidole, zenye ngozi na jeli, wakague kama jeli inafika panda ya gumba. Isipofika, fundi viatu mzuri wa Ngamiani atashonea kipande cha ngozi ya mbuzi, mshono ukae kando. Zikaushwe kivulini, zisichanganywe na nguo za watoto, na mikono ioshwe kabla ya kula kwa sababu ya risasi-madini inayobaki kwenye ngozi.

Ukilazimika kuagiza mtandaoni, dai video: aigeuze glavu ndani nje, aibane kinga kwa vidole, karatasi yenye tarehe ya leo ikiwa pembeni. Lipa baada ya kufungua mzigo pale pale Kange. Akikataa, achana naye.

Aliyekwisha kutuma hela apige kampuni ya simu mara moja kuomba muamala uzuiwe, na ule ujumbe wa utapeli autume kwenda 15040. Aliyetuma leseni na NIDA aende kituo cha polisi achukue RB, aeleze wazi kwamba taarifa za silaha yake ziko kwa mtu asiyejulikana, abebe na picha za mazungumzo yote. Kisha apige *106# aone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake asiyoijua. Namba anazotumia sasa ziwekwe kwenye maoni hapa chini, pamoja na jina linalotokea kwenye muamala.