Matairi ya Hardtop ya Zamani: Lipi Linarudisha Hela Yako Hapa Kigoma?

Habari zenu watazamaji wangu, na mwakeye kwa wote mlioamka Kigoma. Leo niko Mwanga, na hapa chini nimepanga matairi manne. Yote wauzaji watakwambia yanaingia kwenye gari moja: Toyota Land Cruiser hardtop ya zamani, ile yenye injini ya 1HZ. Mkoa wetu umejaa hizi gari. Nyingi zilikuja na mashirika yaliyokuwa yakihudumia wakimbizi kule Kasulu na Kibondo, zikauzwa, na sasa ziko mikononi mwetu zinabeba maharage, madumu ya mawese, walimu na wagonjwa. Injini bado nzima. Kinachomtesa mwenye gari ni matairi, kwa sababu ukihesabu manne na la spea, ni hela ya kukaa chini na mke wako mkaijadili. Kama una Land Rover 110 au Prado ya zamani, usiondoke, karibu yote nitakayosema yanakuhusu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa gari la umri huu, kwa Kigoma ya leo, nunua tairi la AT (All Terrain, la njia zote), la radial (lenye herufi R, nitalieleza), jembamba, jipya, la bei ya kati. MT (Mud Terrain, la tope) liache, na mtumba uache kabisa.

Kwa nini nasema Kigoma ya leo? Kwa sababu barabara zimebadilika, lakini mazoea yetu ya kununua matairi yamebaki ya zamani. Kidahwe kwenda Kasulu zamani ulikuwa unafunga tairi la tope na unabeba koleo. Sasa ni lami. Fikiria gari lako linapita wapi kwa mwezi mzima: sehemu kubwa ni lami na moramu, tope ni zile kilomita za mwisho za kuingia kijijini, milima ya Buhigwe mvua ikinyesha, au ukishika njia ya Ilagala kushuka Kalya kando ya ziwa. Ukifunga tairi kwa ajili ya hizo kilomita chache, unalilipia kwenye kilomita nyingine zote.

Haya, tairi la kwanza hili hapa, MT. Ona meno yake: makubwa, yameachana, kidole gumba kinazama chote. Kwenye tope zito linajisafisha lenyewe likizunguka, hilo siwezi kulikana. Lakini kwenye lami hayo mapengo maana yake ni mpira mchache unaogusa barabara. Lami ikilowa, gari linachelewa kusimama. Meno marefu yanajipinda, yanapata joto, yanalika upande mmoja, na kelele zake kwenye hardtop ambayo milango yake haifungi vizuri tena, mtoto halali. Kama kazi yako ni kuvuta mbao porini kila siku au unaishi pembeni mwa mabwawa ya Malagarasi, chukua MT, ni chombo chako cha kazi. Wengine, hapana.

La pili nataka ulitazame kwa makini, kwa sababu hapa watu wengi wanachanganywa. Limeandikwa 7.50-16. Hili la tatu, ndilo AT ninalolisema, limeandikwa 7.50R16. Unaona? Moja lina kistari, jingine lina herufi R. Muuzaji atakwambia yote ni saba hamsini, na kwa saizi ni kweli. Lakini ndani ni matairi mawili tofauti. Lenye kistari nyuzi zake zinakatizana kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, tabaka juu ya tabaka. Ubavu wake ni mgumu kweli, na bei yake iko chini. Lenye R ni radial: nyuzi zinapita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na chini ya meno kuna mikanda ya waya. Likikanyaga barabara linatulia, halipati joto haraka kwa mwendo wa lami, na linadumu zaidi. La nyuzi za kukatizana ukilipeleka spidi 90 na mzigo juani, linachemka. Kwa gari la shamba lisilotoka shambani, linafaa. Kwa gari linalokwenda Kasulu na kurudi, lipia hiyo R. Na tafadhali, usichanganye la kistari na la R kwenye ekseli moja. Gari litakuvuta pembeni siku ya breki ya ghafla.

Kuhusu wembamba, najua vijana wanapenda tairi pana. Linapendeza, sikatai. Ila udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza juu tu, chini kuna ardhi ngumu. Tairi jembamba linalikata lile tope la juu na kufika chini penye mshiko. Pana linaelea. Kwenye mchanga hali ni nyingine, lakini hata huko dawa kubwa ni kupunguza upepo, ushuke hadi PSI 18 au 20, upite taratibu, kisha ujaze tena kabla ya kukimbia. Kwa hiyo nunua na pampu ya kuchomeka kwenye betri. Tena tairi pana linaongeza kazi kwenye beringi na usukani wa gari ambalo tayari lina umri.

Ukitaka saizi ya kisasa inayolingana na saba hamsini kwa urefu, ni 235/85R16. Yote mawili yana kimo cha takriban sentimita 80, hivyo spidomita haitakudanganya. Lakini angalia upana wa rimu kwanza. Tairi hili linataka rimu ya kuanzia inchi 6. Kama yako ni ile ya chuma ya inchi 5.5, baki na 7.50R16.

Halafu kuna uzito. Ubavuni utakuta namba kama 112 au 120 na herufi pembeni. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 120 ni kilo 1,400. Hardtop ikipakiwa magunia, ekseli ya nyuma ndiyo inayobeba sehemu kubwa, na barabara ya makorongo inauzidisha huo mzigo kila gurudumu linapodondoka shimoni. Mimi sishuki chini ya 112, na kwa anayebeba mizigo kila siku namwambia atafute lililoandikwa LT (la gari dogo la mizigo) lenye nguvu ya nyuzi 8 au 10. Herufi ya mwendo isikuumize kichwa. Q ni kilomita 160 kwa saa, na hii gari haifiki huko.

Sasa hapa sogea na kamera. Sogea zaidi. Unaona neno DOT, halafu mwishoni kabisa kwenye umbo kama yai kuna tarakimu nne? Hapa zinasomeka 2324. Wiki ya 23, mwaka 2024. Huo ndio umri wa tairi. Mara nyingi ziko ubavu mmoja tu, kwa hiyo usipoziona ligeuze, usikubali kuambiwa zimefutika. Ukikuta tarakimu tatu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, liache palepale. Mpira unazeeka hata usipotembea. Jua na hewa vinaukausha, unapasuka vijistari kwenye mashina ya meno. Watengenezaji wakubwa wanashauri tairi likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 tangu litengenezwe liondolewe hata kama meno yapo. Kwa hiyo ukienda dukani, lile lililoning'inizwa nje barabarani, linapigwa jua tangu mwaka juzi, sema asante, omba la ndani.

Hilo linanileta kwenye hili la nne, mtumba. Hapa nitakaa kidogo, maana watu wanaumia.

Mtumba unaonekana rahisi kwa sababu tunalinganisha bei ya tairi zima. Usinunue tairi, nunua milimita. Chukua msumari, uzamishe kwenye mfereji wa meno, weka alama kwa kucha, pima kwenye rula ya mtoto. Tuseme AT jipya ni shilingi 400,000 na lina milimita 12. Sheria nyingi zinasema mwisho ni milimita 1.6, na ndipo vile vitalu vidogo ndani ya mifereji vinapolingana na meno. Lakini kwa mvua zetu za Novemba mpaka Aprili, mimi nalivua likibaki 3. Basi umenunua milimita 9, kila moja karibu 44,000. Mtumba ni 180,000, una milimita 6. Toa 3, umebakiwa na 3. Kila milimita ni 60,000! Umelipa ghali zaidi, kwa mpira uliokauka, usiojua ulipigwa wapi. Hesabu hiyo ukiifanya kwa MT inaweza kukupa milimita ya bei sawa na AT, ila kumbuka milimita ya MT inayeyuka haraka kwenye lami, kwa hiyo si milimita ile ile.

Na kuna jambo baya zaidi. Kuna matairi ya mtumba yanachongwa. Tairi limekuwa kipara, mtu anachukua kisu cha moto anachimba mifereji upya, anapaka rangi nyeusi, linang'aa. Pitisha kidole ndani ya mfereji. Wa kiwandani ni laini na kona zake zinafanana. Wa kuchongwa una mawimbi, na vile vitalu vya alama ya mwisho huvioni, vimekatwa. Ukipanua ukaona uzi au waya, hapo kati yako na mpasuko hakuna kitu. Ndugu zangu, gari hilo linabeba watoto wa watu. Hapo sibembelezi.

Majina ya kampuni. Michelin, BFGoodrich ambayo ni ya Michelin hao hao, Bridgestone, Yokohama: ubora wao haupingwi, na ukipata la tarehe mpya na hela ipo, chukua. Lakini kwa gari la bei ya hardtop ya zamani, naridhika na daraja la kati kama Maxxis ya Taiwan, au kampuni kubwa za China kama Linglong na Triangle, mradi saizi, uzito na tarehe viwe sahihi. Jina kubwa la tarehe ya kale halishindi jina la kati la mwaka huu. Wazee watakumbuka General Tyre ya Arusha, tairi la hapa hapa nyumbani. Natamani sana tungekuwa nalo mpaka leo.

Kabla hujafunga mapya, soma yale ya zamani, yanakueleza gari linaumwa nini. Yakilika kingo zote mbili, ulikuwa unatembea na upepo mdogo. Yakilika katikati, umezidisha. Upande mmoja tu, nenda kwa fundi akaangalie alaimenti na tairodi endi. Yakiwa na mabonde mabonde, shokapu zimekwisha. Usiweke tairi jipya juu ya ugonjwa wa zamani, masika moja tu litakuwa limeisha. Kama hela haitoshi manne, nunua mawili uyafunge nyuma. Yawe saizi ile ile na ya mbele, na usiweke 4WD kwenye lami kavu.

La mwisho, na hili ni la uhai. Hardtop nyingi bado zina rimu ya pete, ile ya kufunguka, yenye tyubu na flapu ndani. Ile pete isipokaa vizuri wakati wa kujaza upepo, inaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Mwambie fundi asugue kutu kwanza, aangalie kama pete imepinda, azungushie mnyororo kwenye rimu kabla ya kujaza, ajaze kwa mpira mrefu, na asimame pembeni. Wewe na watoto wako simameni mbali. Akikuambia amezoea, mwambie asubiri, tafuta mnyororo. Na tyubu iwe mpya pamoja na tairi, iwe imeandikwa ya radial kama tairi ni radial.

Ukitoka hapo, endesha taratibu mpaka Kidahwe na kurudi, kisha chukua spana ukaze nati zote upya, kwa kukatisha, si kwa kuzunguka. Niandikie hapo chini saizi iliyoko ubavuni mwa tairi lako, tarakimu nne za DOT na mzigo unaobeba, nami nitakujibu ulitoe au uendelee nalo.